Upepo wa Mama Mkwe

Nampenda mama mkwe wangu, na anayetaka kucheka acheke. Mimi ni kinyozi. Wanaume wanaokuja kunyolewa kwangu huwasema wakwe zao tangu kitambaa kinapowagusa shingo mpaka ninapowapangusa kwa brashi, nami huwaacha waseme, maana mteja akinyamaza mimi husinzia. Lakini wa kwangu simsemi. Nilipokuwa sina hata pa kuweka kiti, ni yeye aliyenipa kibaraza cha duka lake la udobi. Alisema, "Kaa hapo, mkwe, ila nywele zisiniingilie kwenye mashuka ya watu." Tangu siku hiyo tunafanya kazi tukitenganishwa na ukuta mmoja. Mimi namsikia akigonga pasi, yeye ananisikia nikiropoka.

Ni mwanamke aliyenyooka kama kola anazozipiga pasi. Mbele yangu hajawahi kupiga chafya. Ikimjia, hutoka mbio akaimalizie uani, kisha hurudi amejitanda mtandio upya, uso mkavu kabisa. Mimi nami mbele yake sikunji nne, sipigi miayo, na mzaha wa kibarazani huuacha kibarazani. Heshima si utumwa. Mke wangu hutucheka. Husema tukikutana mlangoni tunapishana kama mabalozi wa nchi zilizowahi kupigana.

Basi asubuhi moja sikuisikia pasi. Nilingoja kidogo, nikamwacha mteja na nusu kichwa, nikachungulia. Nikamkuta ameinamia meza, mikono tumboni, jasho linamtiririka. Akaniambia si kitu, ni gesi tu ya kawaida. Halafu akaona haya kwa kulitamka neno lenyewe. Nilimbeba. Yule mteja wa nusu kichwa ndiye aliyetutafutia gari, na Mungu ambariki popote alipo na kichwa chake.

Utumbo ulikuwa umejisokota. Daktari wa upasuaji alimfungua, akausokotoa, akauangalia wote, akaurudisha mahali pake, akashona. Alitoka akasema tumewahi, hakuna kipande kilichoharibika. Nilikaa chini palepale sakafuni.

Zamu ya kumwuguza ikawa yangu. Mama ana mtoto mmoja tu, naye ni mke wangu, na mke wangu alikuwa amejifungua juzi yake, hata kitovu cha mtoto hakijadondoka. Akanishika kola pale kitandani kwake, machozi yanamlengalenga. "Baba Nani, sikiliza," akasema, maana jina la mtoto tulikuwa bado hatujalipata. "Usimwache mama peke yake. Akikohoa uwepo. Akigeuka uwepo. Niapie." Nikaapa. Na mimi nikiapa nimeapa, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Chumba kilikuwa na vitanda viwili na dirisha linalotazama uwanja wa kuanikia mashuka. Mama alipozinduka kutoka kwenye dawa ya usingizi, kabla hajaulizia jeraha lake, aliinua pembe ya shuka akauliza, "Hili nani kalikunja?" Nikajua akili imerudi salama. Alikuwa na mpira puani wa kunyonya uchafu wa tumboni, dripu mkononi, na mdomo mkavu, kwa sababu daktari alikuwa amekataza asipewe hata tone la maji.

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Mpaka atoe upepo," akasema daktari, bila kupunguza sauti. Ni kijana mwembamba mwenye miwani, na sijui alilelewa wapi, maana neno hilo alilisema mbele ya mama kama mtu anayeuliza saa.

Mama akageuza uso ukutani.

Daktari akaendelea kunieleza, na mimi kwa kuwa napenda kujua, nikazidi kumchokonoa. Alisema utumbo una tabia ya mtoto aliyeguswa bila ruhusa. Ukishikwashikwa na mikono ya watu, unazira. Unalala, unaacha kusukuma, hewa na maji vinajaa ndani, na mtu akila anatapika. "Hakuna sindano ya kuulazimisha," alisema. "Tunauweka mahali pake, tunamtembeza mgonjwa, tunangoja. Ukiwa umepona, unaamka wenyewe. Na ukiamka, jambo la kwanza unalofanya ni kutoa hewa. Ndiyo taarifa yetu. Hewa ikitoka chini, njia iko wazi, kazi imeanza."

Nikawa namtazama mama amelala, na nilistaajabu, nasema kweli. Yule mwanamke alikuwa amefunguliwa tumbo zima, lakini moyo wake haukuwa umekosa hata pigo moja. Figo zilirudi kazini jioni ileile, Sista, muuguzi wa chumba chetu, akauinua mfuko wa mkojo kwenye mwanga akaufurahia kama mtu aliyepata asali. Ngozi ilikuwa imeshaanza kujiunga chini ya bandeji. Hakuna aliyeziambia zifanye hivyo. Ni utumbo pekee uliokuwa umenuna, na sisi wote tulikuwa tukiubembeleza.

Kitanda cha pili kilikuwa na mama mmoja aliyetolewa mawe ya nyongo. Sista alimpachika jina la Redio, kwa sababu hakuwa na mahali pa kumzimia. Redio alitoa upepo wake siku ileile ya kwanza, akautangazia ukumbi mzima. "Jamani, nimefungua!" alipiga kelele, na wafagiaji wakampigia makofi mlangoni. Akaletewa chai. Akainywa kwa kelele, akimwambia mama, "Dada, kazana tu. Hapa hakuna haya. Hapa ukiona haya unalala na njaa."

Mama alijibu kwa adabu kwamba amesikia, akavuta shuka mpaka kidevuni.

Mimi nikawa natimiza kiapo. Sikutoka. Nilikuwa nikilala kwenye benchi miguuni pake, nikienda chooni najiharakisha, na Sista aliniruhusu kwa kuwa mikono yangu ilimfaa wakati wa kuinua wagonjwa. Na kwa sababu mdomo wangu hauwezi kukaa bure, nikawa napeleka taarifa. Mtaa wetu una kundi la simu, yumo muuza mkaa, yumo fundi cherehani, wamo wateja wangu na wateja wa mama, wote wanamwulizia. Nilikuwa najirekodi palepale kando ya kitanda: "Ndugu zangu, mama anaendelea vizuri, ila upepo bado. Narudia, upepo bado. Tuzidi kumwombea." Majibu yakimiminika nayasikiliza kwa sauti, ili naye afarijike. Muuza mkaa alisema, "Tuko pamoja nao, utatoka tu." Fundi cherehani alituma wimbo.

Mama alikuwa akifumba macho. Nilidhani anaitikia dua.

Kila daktari alipopita, swali lilikuwa lilelile. "Mama, upepo?" Na mimi nimesimama hapo, simu mkononi, nimetoa macho. Na mama, akitazama dari, anasema, "Bado." Jioni, "Bado." Kesho yake asubuhi, "Bado." Redio aliruhusiwa kwenda kwake, akamwinamia akambusu paji la uso. "Usihofu, dada," akasema. "Kimya kingi kina mshindo mkuu." Akaondoka na mabegi yake manne, chumba kikabaki kimya.

Siku hiyo hiyo mama alitapika kidogo. Daktari akamgonga tumbo kwa vidole, akaweka chombo chake cha kusikilizia, akasikiliza muda mrefu huku uso umekunjamana. Akanivuta dirishani.

"Sipendi," akasema. "Sauti nazisikia kidogo, tumbo limejaa kidogo, ametapika, na hakuna hewa inayotoka. Huenda pana mahali pamejikunja tena. Kama hakuna badiliko mpaka kesho, nitamfungua mara ya pili kabla ya adhuhuri."

"Mara ya pili atavumilia?"

Daktari alivua miwani akaifuta. "Mara ya pili si kama ya kwanza," akasema. "Mwili umeshachoka."

Mwanamume mzima nililia siku ile, nikiwa nimegeukia mashuka yanayopepea uwanjani. Sikutuma taarifa yoyote mtaani. Mke wangu alipopiga simu nilimwambia mama amelala, kumbe alikuwa macho, ananitazama.

Asubuhi daktari akaja na karatasi ya idhini na kalamu. Alimweleza mama yote kwa upole, mara hii kwa sauti ndogo. Mama akaishika kalamu. Akanitazama mimi, akaitazama karatasi, akanitazama tena.

"Mkwe," akasema, "naomba utoke kidogo."

"Siendi popote, mama. Nimeapa."

"Toka, mwanangu wa watu, nina neno na daktari."

"Mama, niliapa kwa mwanao. Ukikohoa niwepo, ukigeuka niwepo. Hata humo ndani wakikupeleka, mimi nitakaa mlangoni. Mama yangu mzazi alipofariki nilikuwa nimetoka kununua maji. Sirudii." Nikapiga magoti nikashika chuma cha kitanda. "Nakupenda kama yeye. Usinitoe."

Mama akairudisha kalamu kwenye mfuko wa koti la daktari, akaipigapiga ikae sawa, na mfuko wenyewe akaunyoosha.

"Kunja karatasi yako," akamwambia. "Utumbo wangu uliamka tangu juzi alfajiri."

"Unasemaje?"

"Juzi alfajiri. Na jana mchana. Na jana jioni pia, huyu alipokwenda kuchukua maji ya kunawa." Alizungumza akiwa amefumba macho, masikio mekundu. "Mara tatu."

Daktari alibaki mdomo wazi. "Mama! Mbona nilikuuliza ukasema bado?"

"Wewe ungesema? Mbele ya mkweo, ameshika simu, anangoja kuupeleka upepo wako kwa muuza mkaa?"

Nilitamani sakafu ifunguke. Sista, aliyekuwa akibadilisha dripu, aliishika nguzo ya dripu kwa mikono miwili, mabega yanamtikisika. "Mficha maradhi, mama," alisema, akashindwa kuimalizia.

Lakini daktari hakucheka. Alikaa ukingoni mwa kitanda. "Mama, nikueleze ukweli. Kila mgonjwa akiiona karatasi hii hunitajia upepo alioutoa. Wengine hunitajia hata choo. Wanaogopa kisu, na siwalaumu. Jana umetapika. Nikikuamini na kumbe unaogopa tu, kesho nitakuwa nimechelewa. Nifanyeje?"

"Niamini."

"Umeniambia bado mara ngapi? Ipi niiamini?"

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikamwona mama anaogopa.

"Basi tufanye hivi," akasema daktari. "Wanaandaa vyombo ndani. Mpaka wamalize, tembea ukumbini. Kutembea huamsha. Sista afuatane nawe. Ukitoa hewa na yeye akashuhudia kwa masikio yake, sifungui. Asiposhuhudia, mama yangu, nisamehe, nafungua."

Tukatoka. Mama katikati, mimi nimemshika mkono wa kulia, Sista kushoto na nguzo ya dripu inayosukumwa kwa magurudumu, moja lao linalia kila likizunguka. Ukumbi ni mrefu, unanukia dawa ya kusafishia, milango pande zote mbili, na mwisho wake kuna mlango wa vioo vya ukungu ambako tulisikia vyuma vikigongana kwenye sinia. Kila tulipoukaribia ule mlango mama aliusikia mkono wangu ukibana, nami niliusikia wake.

Tulikwenda tukarudi. Tukaenda tena. Mama alikuwa akijaribu, najua alikuwa akijaribu, lakini vitu vya aina hii havitoki kwa amri. Mtu akiutaka usingizi sana, usingizi unamkimbia. Sista alimwimbia. Mimi nilimhadithia habari za wateja, ili asahau. Nilimweleza kisa cha yule wa nusu kichwa, nilichokisikia kwenye kundi la simu, jinsi alivyorudi kazini akiwa amevaa kofia, na bosi wake akamtaka aivue. Mama akacheka, akalishika jeraha, akasema, "Usinichekeshe, nitapasuka nyuzi." Lakini alikuwa bado anacheka.

Kengele ikalia chumba cha pili. Sista akasita, akatutazama, akatazama kengele. "Mgonjwa anaanguka huko," akasema. "Wewe shemeji masikio unayo. Wewe ndiye shahidi. Nisikilizie." Akakimbia.

Tulibaki wawili. Tukapiga hatua chache, gurudumu linalia, mama anahema. Halafu akasimama. Akanibana mkono kwa nguvu ambayo sikuitegemea kwa mgonjwa.

Likatoka. Sitasema uongo, lilikuwa jambo la maana. Lilianza kama mtu anayesogeza kabati, likaendelea, likapumzika, likarudi kumalizia sentensi yake. Mfagiaji aliyekuwa akipiga deki kule mbali aliinua kichwa.

Na mimi je? Ndugu zangu, malezi ni kitu kibaya sana. Nilitazama dari. Nikakohoa. Nikaliinamia gurudumu la dripu, nikasema kwa sauti ya mtu mwenye shughuli zake, "Hiki kigurudumu kinataka grisi."

Sista akarudi akihema. "Vipi? Kuna lolote?"

Kinywa changu kilijibu chenyewe, kama kilivyofundishwa na mama yangu marehemu. "Bado, Sista. Mimi sijasikia kitu."

Nikamwona mama anageuka polepole, mpira puani, mtandio umemtoka kichwani na hakuushika.

"Bado?" akasema. "Bado?!"

"Mama, mimi..."

"Miaka yote hii nimejitunza mbele yako! Chafya nimezimeza, kikohozi nimekipeleka uani, leo heshima yangu yote nimeitoa hapa ukumbini, mpaka mwenye deki ameisikia, halafu wewe unasema bado?"

Sista akatutazama mmoja mmoja. Mlango wa vioo ulifunguka kidogo, daktari akachungulia, amekwisha kuvaa kofia ya upasuaji. "Tuko tayari huku," akaita. "Sista, vipi?"

"Nina mgonjwa anayesema ndiyo na shahidi anayesema hapana," akajibu Sista.

Daktari akatikisa kichwa kwa huzuni. Akaanza kuvuta kitanda cha magurudumu kitoke mlangoni. Nikaliona lile shuka la kijani. Nikaona wanakuja kumchukua mtu mzima kabisa, mwenye utumbo unaofanya kazi, kwa sababu mimi nina adabu. Nilifungua kinywa, na nawaapia, sauti haikutoka. Kumtajia mama mkwe jambo kama lile, mbele ya watu? Ulimi ulikuwa umezira kuliko utumbo wowote.

Mama akaliona hilo. Hasira ikamtoka. Akauachia mkono wangu, akanishika uso kwa viganja vyake viwili vyenye joto, viganja vya mpiga pasi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Nitazame," akasema. "Mimi si mgeni wako. Nimekulea kibarazani kwangu, wewe ni mwanangu. Umesikia au hukusikia?"

"Nimesikia," nikanong'ona.

"Daktari yuko mbali, mwanangu. Kwa sauti."

Nikavuta pumzi. Machozi yananitoka, kicheko kinanitoka, sijui kipi kilitangulia. "Nimesikia!" nikapaza sauti. "Daktari, acha! Mama yangu ametoa upepo! Mkubwa! Nimesikia mwanzo mpaka mwisho!"

Milango ikafunguka huku na huku. Mwenye deki akainua mti wake juu akasema hata yeye ni shahidi. Sista akakaa chini kwenye sakafu yenye maji akicheka mpaka akashindwa kusimama. Kule mwisho wa ukumbi daktari alikivua kile kikofia chake, akakisukuma kitanda kirudi ndani bila mtu, na mlango wa vioo ukajifunga.

Mama alikuwa bado ameushika uso wangu. "Mkubwa?" akauliza. "Ulilazimika kusema mkubwa?"

"Uliniambia niseme kweli, mama."

Akacheka, jeraha likamuuma, akaniegemea kifuani ili limpoe. Na pale aliponiegemea ukamtoka mwingine, mdogo, na hakuna kati yetu aliyetazama dari.